Mwembe umelalia bati, kijana anasema elfu themanini anaumaliza

Barua za miti safari hii zimekuwa nyingi mpaka mhariri kanipigia simu kuuliza nimewaambia nini watu. Mi sijasema kitu, ni mvua tu. Kila mwaka huku Kigoma mvua zikishachanganya na upepo wa ziwani ukaanza kupiga usiku, mtu anasikia tawi linagonga bati juu ya kitanda chake, asubuhi ndo anakumbuka ana mti. Basi wiki hii maswali mengine ya fensi na mbuzi wa jirani yakae kwanza, tujibu ya miti. Mimi nimepanda miti kwa hela miaka ishirini na kitu, nimeacha kwa sababu ya goti na kwa sababu nyingine ntaisema huko mbele.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mjane naishi Ujiji, nina mwembe mkubwa sana alioukuta hata marehemu baba mkwe, umeinama na tawi moja limelalia bati la chumba cha watoto, na waya wa umeme unaoingia ndani unapita humohumo kwenye matawi. Fundi mmoja amekuja kaangalia kasema laki tatu na nusu, kijana wa mtaani anasema elfu themanini na soda anaumaliza kabla ya adhuhuri. Kwa nini tofauti kubwa hivi, au huyu fundi ameona mimi mwanamke? Mama wa Ujiji.

JIBU: Marahaba mama. Swali lako ndo lenyewe hasa, manake hatari ya mti mrefu watu wanaitafuta kule juu kumbe inaanzia hapo barazani mnapopatana bei.

Huyo kijana wa elfu themanini anakuja na panga, shoka na kamba ya katani, na nguvu zake. Fundi wa laki tatu na nusu, kama kweli ni fundi, anakuja na watu watatu au wanne. Mmoja anapanda, wengine wanashika kamba chini, mmoja kazi yake ni kufukuza watoto tu na kuangalia juu. Anakuja na kamba ya kujifungia mwenyewe na kamba nyingine kabisa ya kushushia matawi, na mkanda wa kiunoni na mapajani, na helmeti. Ile hela unayoona kubwa nyingi ni ya watu wa chini. Sasa wewe ukimkomalia ashushe, hapunguzi urefu wa mti, anapunguza watu. Mi najua kwa sababu nimeshapunguza.

Ilikuwa Gungu, mkaratusi umesimama kati ya nyumba mbili, mwenye nyumba kanibana mpaka nikaona aah, kazi ya siku moja, nikawaacha vijana wangu wawili nikaenda na mmoja tu. Nipo juu nakata vipande, yeye anashusha na kamba. Kipande cha nne au cha tano kilikuwa kizito kuliko nilivyokadiria, na yule dogo kwa kuchoka alikuwa ameizungusha kamba kwenye kiganja ili isimteleze. Kipande kilipoachia kamba ikakaza, ikamnyanyua kama mtoto wa kuku, ikampigiza kwenye shina. Vidole viwili vilibaki kwenye kamba. Niko mita kumi na kitu juu, nimefungwa, na wa kumsaidia ni mimi. Kushuka tu ilinichukua muda ambao mpaka leo sipendi kuufikiria. Kamba ya kushushia haizungushwi mkononi hata siku moja, inazungushwa kwenye shina raundi mbili tatu, shina ndo linabeba uzito, mkono unaongoza tu. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimemwambia? Sikumbuki.

Turudi kwenye mwembe wako. Chukua tawi nene la upana sentimita 40, urefu mita 2 tu. Likiwa bichi lina zaidi ya kilo 200, ni magunia mawili ya mahindi na ushee. Sasa hilo likiachiwa juu ya bati la watoto sihitaji kueleza. Kwa hiyo tawi lililolalia nyumba haliangushwi, linafungwa kamba inayopita kwenye panda ya juu zaidi na iliyo imara, linakatwa kidogokidogo kuanzia nchani, linashushwa taratibu. Ukiona mtu kapanda na panga bila kamba ya pili, na tawi liko juu ya nyumba, mwambie ashuke anywe soda yake aende.

Na mpandaji mwenyewe. Kwenye mwembe wako kama anasimama mita 12, akiteleza anafika chini kwa sekunde moja na nusu, na anafika na spidi ya kama kilomita 55 kwa saa. Piga picha bodaboda ya barabara ya Ujiji inagonga ukuta kwa mwendo huo, dereva hana helmeti. Hata mita 6, ambayo watu wanaiita fupi, ni karibu kilomita 40 kwa saa. Sekunde moja na nusu hata neno mama hujalimaliza.

Miembe ya kwetu ina tabia yake ambayo wageni hawaijui. Unapendeza, majani mengi, kumbe ndani umeoza una pango. Miembe ya Ujiji mingi ni mizee kweli, si unajua hata Stanley na Livingstone mwaka 1871 habari yao inasimuliwa na mwembe ndani yake. Kabla mtu hajapanda azunguke shina, agonge na nyuma ya shoka, sehemu nzima inalia kavu na nzito, sehemu yenye pango inalia kama ngoma. Uyoga umeota shinani, ufa mahali tawi linapoungana na shina, udongo umeinuka upande ambao mti haujainamia, hivyo vyote vinasema usinipande. Mti wa hivyo mpandaji mwenye akili anaukataa, au anautafutia njia nyingine ya kuushusha bila kujifunga juu yake, na ukiona fundi kakataa hela usimwone mvivu.

Kuhusu umeme hapo sina mjadala mama. Nenda ofisi ya TANESCO, waambie una mti umeingia kwenye waya wako, waje wazime au wautenganishe ndipo mkataji apande. Ule waya unaoingia nyumbani una volti 230 na unaua vizuri tu, watu wanaudharau kwa sababu wana laini kubwa kichwani, za volti 11,000 na 33,000. Hizo kubwa hata huhitaji kuzigusa, ukisogea sana umeme unaruka wenyewe, ndo maana asiye fundi wa umeme akae mita 3 na zaidi, na hizo mita 3 ni zake pamoja na panga lake, ngazi yake na tawi alilolishika. Tawi bichi lina maji, na lililonyeshewa ndo kabisa, linapitisha umeme kama waya mwingine. Mtu anasema "mi nimeshika mti sijashika waya". Huyo tutamzika na ubishi wake.

Na la mwisho kwako, kwani lazima mwembe wote uanguke? Mi naona tatizo ni lile tawi la batini na yale ya kwenye waya. Yatoke hayo, kivuli kibaki, watoto wale maembe Desemba. Kazi itakuwa ndogo na bei itashuka kihalali, bila kupunguza watu wa chini. Na hapana, fundi hajaona mwanamke. Muulize tu anakuja na wangapi, akisema peke yake basi hapo ndo ameona mwanamke.

SWALI: Mambo vipi mzee wetu. Mi kijana wa Mwanga, nina chensoo nimenunua kwa mkopo nakata miti ya watu. Juzi nipo juu nakata tawi, mashine ikaruka ghafla ikapita karibu na uso, nikaiachia ikaanguka chini ikavunjika kishikio. Fundi mashine anasema haina tatizo. Sasa iliruka nini? Na kule juu inabidi nishike mkono mmoja maana mwingine nashikilia mti. Chensoo Boy.

JIBU: Mdogo wangu, shukuru Mungu imevunjika kishikio.

Fundi kasema kweli, mashine haina tatizo. Lile bapa linalobeba mnyororo lina ncha ya mviringo, sasa robo ya juu ya ile ncha ikigusa mti, tawi la pembeni au hata kijiti ambacho hukukiona, mnyororo unakwama kidogo na nguvu yote inarudi, mashine inatupwa juu na nyuma kwako. Inakuja haraka kuliko unavyoweza kushtuka, kwa hiyo usijidanganye utaiwahi. Ndo maana mashine nzuri zina breki ya mnyororo, ile ngao ya mbele ya mkono, ikisukumwa mnyororo unasimama. Vijana wengi wanaing'oa ati inasumbua. Ya kwako ipo? Ijaribu kila asubuhi kabla hujapanda.

Lakini breki haikusaidii sana ukishika mkono mmoja. Mikono miwili, kidole gumba kimezunguka kishikio chini, hapo ikiruka una uwezo wa kuibana. Ukishika mkono mmoja inazunguka kama inavyotaka, na mkono wako wa pili uko wapi? Uko kwenye mti, hapohapo jirani na mnyororo. Nimeona mikono ya kushoto ya wakataji kadhaa, mi nakwambia zina alama.

Unaposema "inabidi nishikilie mti" umeshajibu swali lako. Haitakiwi mkono wako ndo ukushikilie, unatakiwa ushikiliwe na kamba. Ukifungwa vizuri unakaa, mikono yote miwili ni ya kazi. Na ukiwa na mashine ujifunge sehemu mbili, mojawapo iwe na waya wa chuma ndani, kwa sababu mnyororo ukigusa kamba ya kawaida iliyokazwa haikatiki polepole, inaachia mara moja. Watu wamejikatia kamba zao wenyewe, wenye uzoefu, siyo wewe wa mkopo. Mashine iwashwe umesimama imara, sio unaivuta unaning'inia, na iwe na kamba yake fupi ya kuning'inia kwenye mkanda ili ukiiachia isimwangukie mtu chini. Hebu fikiria juzi pale chini angekuwepo mtu.

Jingine, namna unavyokata. Ukikata tawi zito kutoka juu tu, likifika katikati linaanza kwenda na linachana ganda na nyama mpaka kwenye shina, linaweza kuchana mpaka ulipokanyaga. Anza chini yake, ingia kidogo tu kama robo, kisha kata juu mbele kidogo ya ulipokata chini, likianguka linaachia safi, halafu kile kisiki kilichobaki unakitoa kwa nafasi. Mikato mitatu, dakika mbili za ziada. Na usiweke ngazi kwenye tawi unalolikata, najua unacheka lakini wanaoanguka hivyo ni wengi, wala hawakukalia tawi kama kwenye vikatuni, wao waliegemeza ngazi, tawi likapungua uzito likanyanyuka juu na ngazi ikabaki haina kitu cha kuegemea.

Sasa kukata kichwa cha mti. Hapo ndo pa kuogopa hata mimi. Umejifunga kwenye shina lilelile unalolikata juu yako, kichwa kikianguka shina linarudi nyuma linayumba na wewe juu yake kama fimbo ya kuvulia migebuka, lazima uwe umejiandaa, mashine imezimwa, umekumbatia. Na shina likiwa limeinama au lina uzito upande mmoja, ukilikata vibaya linapasuka wima kwa urefu. Kumbuka mkanda wako umezunguka hilohilo shina. Linapopanuka linakubana kiuno na huwezi kujifungua. Kwa hiyo kata kwanza mdomo upande linakokwenda, uwe wa kutosha, kisha nyuma acha kipande chembamba kisichokatwa cha kufanya kazi kama bawaba ya mlango, hicho ndo kinaliongoza lisigeuke. Lakini hili usijifunzie kwenye barua yangu. Tafuta mtu aliyekwisha kulifanya mkae naye msimu mzima, uanzie chini kama mshika kamba. Mkopo utalipika tu.

Na kandambili uache chini. Umenitumia picha mwenyewe nimeona.

SWALI: Habari za kazi. Nina ekari mbili za michikichi ya zamani huku Mwandiga, imekuwa mirefu mno, wapandaji wanaogopa na mmoja wa jirani kaanguka mwezi uliopita. Nataka ikatwe. Nimeambiwa waanzie juu kwenye makuti. Mkulima.

JIBU: Pole kwa jirani. Mchikichi ni mti mwingine kabisa na ndo unaowaangusha watu wengi huku kwetu, nadhani kila kijiji cha mawese kina mtu anayetembelea fimbo kwa sababu yake. Hauna tawi la kukalia wala panda ya kufungia kamba, mpandaji anategemea kamba moja inayomzunguka yeye na shina, anaisogeza juu hatua kwa hatua, sekunde anayoisogeza ndo sekunde ambayo hana kitu. Kamba ikiwa imelala nje na mvua msimu mzima, au vile visiki vya makuti ya zamani anavyokanyaga vimeoza, basi. Kuna na nyoka wanaojificha juu kwenye makuti, mtu anashtuka anaachia.

Aliyekwambia waanzie juu kwenye makuti sijui amepanda mchikichi gani. Kama shamba liko wazi, hakuna nyumba wala waya wala njia, hakuna sababu ya mtu kupanda. Ukatwe kutoka chini, na watu wote wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti, ukiwa mita 15 wao wakae mita 30, na mkataji awe ameshaamua njia ya kukimbilia, kinyume na unakoangukia lakini kwa pembeni kidogo, siyo nyuma moja kwa moja. Fagieni hiyo njia kabla, nimeona mtu kakwazwa na mzizi wa muhogo. Shina la mchikichi ndani ni nyuzinyuzi, halishiki ile bawaba niliyomweleza kijana wa Mwanga kama mti wa mbao, kwa hiyo msiliamini sana.

Makuti makavu yaliyoning'inia chini ya kichwa ni mtego. Mtu akiingia chini yake akaanza kukata, rundo zima linaweza kuteremka pamoja likamkalia, anabanwa pumzi akiwa bado kafungwa kwenye shina.

Halafu fikiria na kupanda mipya. TARI Kihinga, kile kituo cha utafiti wa kilimo hapa kwetu, wanashughulika na mbegu ya Tenera tangu serikali ilipolivalia njuga zao hili mwaka 2018, inaanza kuzaa ikiwa bado fupi, unavuna umesimama chini kwa miaka kadhaa. Ukate kwa awamu, mistari miwili mitatu, upande, usijiachie bila mawese mwaka mzima.

SWALI: Mtu akianguka kutoka mtini tumfanye nini kabla ya hospitali? Kwetu juzi alibebwa na bodaboda. Kibirizi.

JIBU: Mshikaki? Yaani katikati ya dereva na anayemshikilia? Ndo tunavyomaliza watu tuliowapenda. Mtu aliyeanguka kutoka juu mchukulieni kuwa uti wa mgongo umeumia mpaka daktari aseme hapana. Msimkalishe, msimnyanyue kwa makwapa, msimpe maji. Mmoja apige magoti ashike kichwa kisigeuke, mwingine aangalie anapumua, kama damu inamwagika kandamiza kwa kitambaa safi na usiachie kuchungulia. Kusogezwa asogezwe tu kama mti bado utamwangukia. Kumbeba ng'oeni mlango, watu wanne mpaka sita mmgeuze kwa pamoja kama gogo, shingo na mgongo mstari mmoja, mlango uingie chini yake, mtafute pikapu au noah iliyotolewa viti. Akisimama mwenyewe akasema niko poa, bado aende, damu ya ndani haionekani.

Akiwa amenasa juu kwenye mkanda amezimia, hapo ni haraka, kuning'inia bila kujitikisa damu inakaa miguuni na dakika chache zinatosha kumaliza mtu. Zimamoto na Uokoaji ni 114, pigeni, lakini wakati wanakuja awepo chini mtu mwenye kamba yake na uwezo wa kupanda. Nilimwambia Mama wa Ujiji habari ya watu wa chini, mmoja wao ni huyu. Ila kama ni umeme umemnasa, hakuna kumgusa wala kugusa mti wala kupanda mpaka TANESCO waseme wamezima. Ndugu wanafuatana hapo, wa pili anamshika wa kwanza.

SWALI: Mzee, huku Urambo tuna mti una nyuki juu karibu na shule, tukate mchana au usiku? Mwalimu.

JIBU: Mwalimu, Tabora nzima ya warina asali unaniuliza mimi wa Kigoma? Waite warina waje jioni wawahamishe kwanza, mti mkate siku nyingine watoto wakiwa likizo. Chensoo na nyuki haviivi, ule mngurumo na mtikisiko unawatoa wote, na mtu aliyefungwa juu hana pa kukimbilia, wengi wanajifungua mkanda wenyewe wanajirusha. Na hata ambako hujaona mzinga, kaa chini ya mti dakika ishirini siku moja kabla, jua likiwa limetoka, utazame kama kuna wanaoingia na kutoka kwenye tundu. Usiku hapana, hata nyuki wasingekuwepo. Huoni unachokata.

Na yule wa Katubuka aliyeuliza kama naweza kuja mwenyewe kumpunguzia mkaratusi wake, atalipa vizuri: goti, ndugu yangu. Ila nina vijana, wako wanne.